Zabibu zako za Uyui usizing'oe, badilisha mwezi wa kupogolea

Mwangaluka dada yangu wa Uyui. Umeuliza hivi, nafupisha: una nusu eka ya zabibu, miche uliitoa Dodoma, sasa ni mwaka wa tatu, unapogolea mara mbili kwa mwaka kama ulivyofundishwa kule, ila zabibu za Machi zinaoza kwenye vichala na mvinyo uliotengeneza umekuwa mwepesi alafu una ukali wa siki, na sasa unataka kujua kuanzia zabibu inapochipua mpaka chupa ufanye nini na mwezi gani. Mwishoni ukauliza kama Tabora zabibu haziwezekani basi uzing'oe upande alizeti.

Usizing'oe. Mimi nimefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu Dodoma miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Tabora, na mwaka wa kwanza niliporudi nilifanya kosa hilo hilo lako, nikapogolea kwa tarehe za Dodoma. Zaidi ya nusu ya zabibu zangu niliziona zikioza mbele ya macho yangu wiki mbili tu kabla ya kuvuna. Kwahiyo ninachokwambia hapa sio cha kusoma, nimekilipia.

Shida haiko kwenye mche wala kwenye ardhi yako, iko kwenye kalenda. Zabibu huku kwetu hailali. Ulaya baridi inaipukutisha majani inalala mpaka baridi iishe, lakini huku joto lipo mwaka mzima, mzabibu unasubiri mkasi. Siku unayokata ndiyo siku unayoanzisha msimu, na ukishakata hesabu imeanza na hairudi nyuma: siku kama kumi na nne macho, yale maungio ya kuchipulia kwenye tawi, yanafumuka, wiki ya tano au ya sita maua, kwenye siku ya 80 hivi punje zinabadilika rangi, na siku ya 115 mpaka 130 unavuna, inategemea aina na ubaridi wa mwaka huo. Ndio maana Dodoma wanavuna mara mbili, moja kwenye Februari na Machi na nyingine kwenye Agosti na Septemba. Ila Dodoma wanapata mvua kama milimita 550 au 600 kwa mwaka, sisi tunakaribia 900 mpaka 1,000, na zote zinamwagika kuanzia Novemba mpaka Aprili. Ukikata Novemba unaziambia zabibu zako zichanue na kuiva katikati ya maji. Jani likikaa limelowa usiku kucha ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya unaingia, punje zikinywa maji ghafla zinapasuka, na ikishapasuka punje moja kichala kizima kimekwisha. Hata zile zisizooza sukari yake inakuwa imezimuliwa na maji na mawingu, hapo ndipo wepesi wa mvinyo wako unapotoka.

Sasa nikupe habari njema. Kuna watu wenye hali ya hewa kama yetu kabisa, mvua kwenye miezi ya joto na ukame kwenye miezi ya baridi, ni wa jimbo la Minas Gerais kule Brazil. Wao miaka ya 2000 mwanzoni walianza kukata mara mbili lakini wanavuna mara moja tu: mkato wa kwanza ni wa kujenga matawi, maua yote yakitokea wanayatoa, alafu mkato wa pili unapangwa ili zabibu ziive kwenye ukame wa Julai, mchana jua usiku baridi. India upande wa Maharashtra nao wana mikato miwili na mavuno mamoja, wamegeuza tu miezi kwasababu mvua zao ni za Juni mpaka Septemba. Tabora tuna bahati ambayo hatuioni, Juni Julai na Agosti hakuna mvua kabisa, usiku unashuka mpaka nyuzi 15 hivi na kwenye mita 1,200 juu ya bahari jua la mchana ni kali lakini halichomi kama la Oktoba. Hiyo ndiyo hali ya kuivishia zabibu za mvinyo. Kwahiyo dada, sahau mavuno mawili. Najua inauma kusikia hivyo ukiwa na nusu eka, lakini mavuno mawili mabovu hayajazi chupa hata moja ya kuuza, na mche unaozaa mara mbili kila mwaka kwenye kichanga chetu unachoka haraka.

Mwaka wako unaenda hivi. Mwanzoni mwa Oktoba kata fupi, acha jicho moja au mawili kwenye kila kipande, mwagilia mpaka mvua zishike. Machipukizi yakija punguza, usiache msitu, acha yanayopata jua kila moja, kwasababu macho ya kuzaa ya mwezi wa nne yanatengenezwa humo humo ndani ya chipukizi kwenye Novemba na Desemba na yasipoona mwanga yatakuja kutoa majani matupu. Vichala vya maua vikitokea vitoe vyote, usione huruma. Mvua zote za Desemba mpaka Machi kazi yako ni moja tu, kulinda majani. Dawa za kopa (shaba) na za ukungu zipige kabla ya mvua sio baada ya kuona madoa, ukishaona madoa ya njano kama ya mafuta juu ya jani na unga mweupe kwa chini umechelewa. Wakati huo hakuna zabibu shambani kwahiyo hata dawa ikibaki haiingii kwenye mvinyo, na hiyo ni faida ambayo mwenye kuvuna Machi hana.

Alafu ongea na jirani anayelima mahindi. Ile dawa ya kuua magugu ya majani mapana kwenye mahindi, 2,4-D, ikipeperushwa kidogo tu na upepo majani ya zabibu yanajikunja kama feni na mche unaweza kupoteza msimu mzima. Mpelekee habari kabla hajapiga, muelewane siku ambayo hakuna upepo.

Kati ya tarehe 5 na 15 Aprili ndio mkato wenyewe. Chagua matawi yaliyokomaa, ya kahawia, unene wa penseli, acha macho manne mpaka sita. Mvua za mwisho zitakuwa zinakusaidia kuchipua, na maua yatatoka katikati ya Mei hewa ikishakauka. Ukikata Machi unawahi, maua yatanyeshewa. Ukisubiri Mei zabibu zitaiva Septemba kwenye joto, asidi itakuwa imeshakimbia. Wenzetu wa Kasulu na Kibondo wanaosoma hapa msichukue tarehe hizi kama zilivyo, mvua yenu ni ndefu kuliko yetu, ninyi hesabuni kuanzia siku mvua inapoishaga kwenu alafu mrudi nyuma wiki tano.

Kuna dawa ya kuamsha macho yafumuke pamoja, haidrojeni sayanamidi, Dodoma wengi wanapaka baada ya kukata. Inafanya kazi kweli. Ila ni sumu kali na ukinywa pombe siku za karibu na kuitumia, kabla au baada, inakupiga vibaya sana, uso unawaka, moyo unaenda mbio, na wewe ni mtu unayeonja mvinyo kila siku. Mimi kwa nusu eka siitumii. Nakata, nalaza tawi kwenye waya nikilikunja kidogo ili macho ya nyuma nayo yaamke, basi.

Maji. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 1.5 nusu eka ina miche kama 540. Kwenye kilele, Juni hivi, mche mmoja unataka lita 8 mpaka 10 kwa siku, maana yake unahitaji lita 5,000 na kidogo kila siku. Piga hesabu ya kisima au ya bili kabla ya kuanza, usije kukwama katikati. Dripu, mabomba ya matone, ni lazima, kumwaga kwa mpira kwenye kichanga ni kupoteza maji. Ila usinyweshe kama mchicha. Punje zikishafunga punguza kidogo ili zibaki ndogo na ngozi iwe nene, rangi na ladha ya mvinyo mwekundu iko kwenye ngozi, na wiki mbili tatu za mwisho bana zaidi. Majani ya chini yakianza kunyauka mchana na kurudi jioni uko sawa, yakibaki yamenyauka asubuhi umezidisha.

Kama sehemu ya shamba lako ililimwa tumbaku au nyanya miaka ya karibuni, chimbua mizizi ya miche iliyodumaa uangalie. Ukiona vinundu ni minyoo fundo, inapenda kichanga na inapenda hayo mazao mawili. Hapo tia samadi nyingi iliyooza na usirudishe nyanya katikati ya mistari hata kama nafasi inakutamanisha.

Ubwiri unga, ukungu mwingine, ndio ugonjwa wa kiangazi, hauhitaji mvua, unahitaji kivuli na joto la wastani. Salfa inaumaliza na ni bei rahisi, piga asubuhi au jioni, kwenye joto kali inachoma majani. Lakini acha salfa wiki tano au sita kabla ya kuvuna. Hii sisemi kwa sababu ya kiafya tu, salfa iliyobaki kwenye ganda ikiingia kwenye pipa hamira inaigeuza kuwa harufu ya yai bovu, na watu wengi wakiisikia hiyo harufu wanafikiri wamekosea kutengeneza, kumbe kosa lilifanyika shambani mwezi mmoja nyuma.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho Dodoma hawatakufundisha, moshi. Huku kwetu ikifika Juni mpaka Agosti watu wanachoma, wengine wanaandaa mashamba, wengine wanawinda, wengine moto umewatoroka tu, na miombo inawaka usiku kucha. Zabibu kuanzia inapobadilika rangi mpaka kuvunwa inanyonya moshi kupitia ngozi, zile kemikali zinajifunga kwenye sukari ndani ya punje, ukionja shambani husikii kitu. Ukishachachusha zinafunguka na mvinyo unakuwa na ladha ya jivu, kama umekunywa maji ya kuoshea sufuria ya kuni, na hautoki tena. Kuosha zabibu hakusaidii. Mwezi wa tano kabla nyasi hazijakauka kata njia ya moto kuzunguka shamba, mita tano kwa uchache, kumi ni bora, alafu nenda serikali ya kijiji useme mapema una nini shambani, usiende siku moto umeshawaka. Moshi wa siku moja wa mbali sio mwisho. Moshi ukikaa siku kadhaa juu ya shamba badilisha mpango, usitengeneze mwekundu, kamua mara moja maganda yatoke, fanya wa rangi ya waridi, maana uchafu mwingi uko kwenye ganda.

Na nyuki. Agosti msitu umekauka, hakuna maua ya kutosha, ukiwa na punje zilizotobolewa na ndege au manyigu nyuki watakuja kwa maelfu. Nyuki mwenyewe hawezi kutoboa punje nzima, anakuja kwenye kidonda, kwahiyo dawa ni nyavu za kuzuia ndege na kutoa vichala vilivyopasuka. Tafadhali sana usipige dawa ya wadudu. Nusu ya majirani zako wanasomesha watoto kwa asali, na asali ya Tabora ndiyo jina letu. Weka beseni za maji zenye vijiti mbali na shamba, kwenye kivuli, wengi wataishia huko.

Kuvuna usiangalie rangi peke yake. Nunua rifraktomita, ni kifaa kidogo kama tochi, unaweka tone la juisi unasoma sukari. Kuanzia siku ya 100 chukua punje 100 kutoka miche tofauti, juu chini, upande wa jua na wa kivuli, ponda, soma, rudia kila siku tatu. Za mvinyo mweupe vuna kwenye Brix (kipimo cha sukari) 20 mpaka 22, za mwekundu 22 mpaka 24. Ukizidisha Brix mara 0.55 unapata makadirio ya kilevi, 22 inakupa asilimia 12 hivi. Uwe na kipima pH pia, pH ikipanda maana yake asidi imepungua, ukiona imepita 3.6 usisubiri sukari zaidi, vuna. Wewe siki yako nahisi ilikuja hivyo, zabibu zilizopasuka zenye bakteria tayari, asidi ndogo, joto, na chombo kisichojaa.

Vuna alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa mbili, vibaridi vikiwa kwenye punje, na zipondwe asubuhi hiyo hiyo. Nusu eka ukiachia kilo 2.5 kwa mche ni kama kilo 1,350, inatoka lita 900 hivi, chupa 1,200. Kwahiyo huhitaji mtambo mkubwa, unahitaji usafi. Vyombo ni plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu, wala sio pipa lililobeba mafuta au dawa hata lioshwe vipi. Kila kilo 100 za zabibu weka gramu 8 mpaka 10 za metabisalfaiti ya potasiamu, unga wa salfa wa kuzuia bakteria, ukishaponda, kesho yake weka hamira ya mvinyo gramu 20 kwa lita 100, uiamshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 mpaka 40 kwa robo saa. Hamira ya mandazi usiweke. Kama pH iko juu ongeza asidi ya tatariki kabla ya kuchachusha, gramu moja kwa lita inashusha kama 0.1.

Mwekundu maganda yanapanda juu, yazamishe mara tatu kwa siku, yakikaa juu makavu hapo ndipo siki inapozaliwa. Joto la ndani lisipite nyuzi 30, ikikaribia 35 hamira inakufa na sukari inabaki njiani. Mimi nazungushia gunia lililolowa na kuning'iniza chupa za maji ya barafu zilizofungwa vizuri ndani ya tanki, usiku wa Agosti unafanya kazi iliyobaki. Mlango na dirisha viwe wazi, ile gesi inayotoka haina harufu na inajaa chini, mtu akiinama kwenye tanki kubwa anaweza kupoteza fahamu. Siku ya sita mpaka ya nane kamua, jaza chombo mpaka shingoni, funga na kizuia hewa, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa.

Watu wa hapa wamezoea wanzuki, pombe ya asali, siku chache umeshainywa, kwahiyo wakiambiwa mvinyo unasubiri miezi wanashangaa. Usisukumwe. Na usikubali ushauri wa kuongeza asali ili ukolee. Sio kwamba ni kibaya, kinaweza kuwa kinywaji kizuri sana, ila sio mvinyo wa zabibu tena na lebo lazima iseme hivyo.

Kuanzia Septemba mpaka Novemba ndio kiwanda kinaharibika watu wakidhani kazi imeisha. Oktoba joto linapita 30 na wewe uko shambani unapogolea, huku nyuma mvinyo unapungua kwenye chombo, hewa inaingia. Kila wiki pita na tochi, palipopungua jaza kwa mvinyo ule ule, weka akiba kwenye chupa ndogo kwa ajili hiyo. Hamisha utoke kwenye mashapo baada ya wiki mbili tatu, alafu tena kabla ya Desemba, na kila mwezi pima salfa huru, ile ya metabisalfaiti ambayo bado inalinda mvinyo, ibaki kwenye miligramu 25 mpaka 35 kwa lita. Chumba cha tofali za udongo nene, chenye dari, kinashinda kontena la bati mara kumi. Mweupe unaweza kujaza chupa Desemba, mwekundu subiri Juni hali ya hewa ikipoa, na hizo chupa uzioshe msimu wa mvua wakati shamba halikuruhusu kuingia.

Makaratasi anza mapema, BRELA kwa kusajili jina la biashara, TBS kwa alama ya ubora, TRA kwa ushuru wa bidhaa na stempu za chupa. SIDO Tabora, shirika la viwanda vidogo, waone kwanza, wanasaidia wadogo kupanga jengo lipite ukaguzi.

Sasa tuko Februari na vichala vya Novemba viko juu ya miche. Vizima vitoe vyote kabla ya Machi 5, uza sokoni za kula au kamua juisi ya watoto, usitengeneze mvinyo. Vyenye madoa peleka nje ya shamba ufukie. Vichala vikishatoka vyote piga dawa ya ukungu mara moja majani yabaki hai, acha miche ipumzike mwezi mzima, na katikati ya Machi chimbua mche mmoja uliodumaa uangalie mizizi. Mwaka huu vichala vitakuwa vichache, matawi yako hayakupata jua la kutosha Desemba, kwahiyo tegemea kama nusu ya zile kilo nilizotaja, na tanki la lita 500 linatosha. Dripu iwe imefungwa kabla ya tarehe 5 Aprili.